Banda la Momella, mara ya nne

Ngarenanyuki, Novemba

Saa mbili tu usiku na taa ya sola imeshaanza kuchoka, kwa hiyo naandika mbio. Hii ni mara ya nne mwaka huu nalala kwenye banda hili la mbao, nje kidogo ya geti la Momella la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kiangazi nimelala humu, masika nimelala, kipupwe nimelala, na sasa vuli. Watu wakijua hivyo huniuliza swali moja: niende lini? Zamani nilikuwa na jibu.

Januari nilikuja na wenzangu wanne wa kazini, spika kubwa na mguu wa mbuzi. Spika hiyo naionea haya mpaka leo. Lakini kwa kuona, kiangazi hakina mpinzani: saa kumi na mbili na nusu asubuhi Kilimanjaro imekaa mashariki, nyeupe kichwani, na nyuma yetu Meru mzima, mita 4,566, umefunguka kama mtungi uliovunjika mdomo. Kweli ulivunjika. Maelfu ya miaka iliyopita ukuta wa kreta uliporomoka upande huu wa mashariki, na maziwa ya Momella yamekaa kwenye mabonde yaliyoachwa na kifusi kile. Tulitembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana nyati wa huku hawana mzaha. Ufukweni magadi yalikuwa yamekauka, ukikanyaga yanalia kama bisi. Heroe walijaa ziwa moja, la jirani hakuna hata mmoja. Askari akasema kila ziwa lina magadi kwa kiasi chake na mwani wake, ndiyo maana hata rangi hazifanani. Ilipofika saa tatu wingu lilikuwa limeshafunika milima yote miwili, tukarudi kwenye spika yetu.

Aprili kila mtu alinikataza. Nilikuja peke yangu, nimechoka na mambo ambayo sitayaandika hapa. Gari la kutoka Usa River lilinasa kwenye tope mara mbili, abiria tukashuka kusukuma, na nilifika nikiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Mlima sikuuona siku zote tatu. Sikuona hata ziwa. Nilichokuwa nacho ni mvua juu ya bati, na bati lenyewe lilikuwa linavuja sehemu tatu. Nikatega sufuria mbili na beseni, kila kimoja kikalia sauti yake.

Usiku wa pili, kama saa nane hivi, niliamka na uchungu mkali nyuma ya goti. Kisha begani. Nikawasha tochi ya simu: mstari mweusi, mnene kama kamba ya manila, unaingia chini ya mlango, unapanda ukuta, unapita juu ya mto wangu na kwenda kwenye mkate. Siafu! Nilipiga yowe ambalo nadhani hata twiga walilisikia.

Mzee mwenye banda akaja na gunia kichwani badala ya mwavuli, kopo la majivu mkononi. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akamwaga majivu kwenye miguu ya kitanda, akanitazama nikijing'oa siafu kwenye nywele, akasema, "Waache wapite, binti. Wamekuja kufagia." Akanipeleka jikoni kwake, mkewe akanisogezea kigoda karibu na mafiga na kikombe cha chai ya maziwa. Tulikaa hapo mpaka kulipokucha.

Jikoni hapo ndipo nilipoelewa niko wapi. Mzee hakuwa amezaliwa mwaka 1951, Waingereza walipowatoa Wameru kwenye ardhi hii ya Ngarenanyuki ili wawape walowezi, lakini anasimulia kana kwamba moshi wa nyumba zile uko bado machoni pake. Anamtaja Kirilo Japhet kama mtu anavyomtaja mjomba wake: jinsi watu walivyochanga fedha, na jinsi alivyosafiri hadi New York mwaka 1952 kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Alikuwa akisimulia huku anachochea moto, mkewe akimsahihisha hapa na pale. Akicheka meno yake ni ya kahawia, kama ya wengi waliokulia chini ya mlima huu, kwa sababu maji yake yana floraidi nyingi. Mimi wa Tanga na meno yangu meupe nilijiona mgeni kabisa, na sikujali.

Asubuhi siafu walikuwa wameondoka. Mende niliowazoea nao hawakuwepo, hata mmoja. Mkate pia.

Julai ni baridi. Sisi wa Tanga baridi tunaisikia redioni. Simu ilionyesha nyuzi 10 na mimi nikavaa sweta mbili, juu yake kanga, juu yake shuka la kimasai. Jioni ya kwanza nilifanya ujinga: nikaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha. Mzee alipopita akaona mwanga mwekundu kwenye nyufa za mbao, akafungua mlango bila hodi, yeye ambaye siku zote hupiga hodi mara tatu. "Unataka kulala au unataka kufa?" Akalibeba jiko nje. Sumu ya mkaa haina harufu, unasinzia tu na hauamki, na nilikuwa najua. Baridi ilinisahaulisha. Alirudi na chupa ya maji ya moto ndani ya soksi ya sufu, akaiweka miguuni kwangu kama anamlaza mjukuu, akaondoka hajasema neno jingine.

Wiki ile nilipanda Meru mpaka mabanda ya Miriakamba, mita 2,514. Njiani mbega wanaruka juu yetu na mikia yao kama mashungi ya bibi harusi. Wapandaji wenzangu waliendelea kwenda mabanda ya Saddle, mita 3,570. Magoti yangu yalikataa na sikuyabembeleza. Asubuhi nikatoka kwenda chooni, mswaki mdomoni, nikakuta mawingu yametanda chini yangu kote na Kibo imechomoza katikati yake, kama kisiwa cha Toten kule Tanga kinavyoonekana ukiwa Raskazoni maji yakiwa yametulia. Nililia kidogo. Nilikuwa nimekumbuka nyumbani, si zaidi.

Kuhusu vuli sina mengi. Mvua inakuja jioni, inaondoka, vyura wanaanza. Majani yamerudi. Leo nimeona kuro watatu karibu na barabara na nimekula ndizi za nazi nilizopika mwenyewe, maana nazi nilikuja nayo na mke wa mzee hakuamini kwamba ndizi zinapikwa hivyo. Alikula sahani mbili, kwa mashaka.

Jioni hii, tukiwa kibarazani, nikamgeuzia mzee swali ninaloulizwa kila siku: yeye anapenda majira gani? Nilitegemea aseme mavuno, au Januari mlima unapoonekana. Akatazama paa.

"Yale ambayo hili bati halivuji."

Kumbe bado linavuja, palepale pa Aprili, juu ya kitanda cha pili. Amenunua bati moja, misumari hana. Nimeandika kwenye simu nisije nikasahau: misumari ya bati, nusu kilo, na soksi ya sufu ya kurudisha.