Nilivyokadiria mashaka katika orodha ya vichafuzi vya hewa

Nilipokabidhiwa kazi ya kukadiria kiwango cha mashaka, yaani kadiri makadirio yanavyoweza kupishana na ukweli, katika orodha ya utoaji wa vichafuzi vya hewa, orodha yenyewe ilikuwa imekwisha kukamilika, nami nilidhani kilichobaki ni hesabu fupi. Kila chanzo kilikuwa na tarakimu mbili za kuzidishwa: wingi wa shughuli, yaani mafuta au kuni zilizochomwa, na kigezo cha utoaji, yaani gramu za kichafuzi kwa kila kilo iliyochomwa.

Nilianza na njia ya kwanza ya mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kiserikali la kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ulioandikwa kwa ajili ya gesi joto lakini unaofaa hapa pia, ambayo hujumlisha miraba ya mashaka kisha hutafuta kipeuo cha pili. Kwa chembechembe laini za PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, mashaka ya shughuli yalikuwa asilimia 10 na ya kigezo asilimia 50, na jibu likawa asilimia 51. Nikahangaika siku kadhaa kusaka takwimu bora za mafuta, nikaishusha ile 10 hadi 5, na jibu likashuka hadi asilimia 50 tu. Dioksidi ya salfa haikunitesa hivyo, kwa kuwa salfa iliyomo katika mafuta hupimika kabla hayajachomwa.

Kilichonikosesha usingizi ni jumla. Makundi 10 ya vyanzo yaliyokaribiana kwa ukubwa, kila moja likiwa na mashaka ya asilimia 50, yalinipa jumla yenye mashaka ya asilimia 16. Ilikuwaje nisiyajue makundi moja moja, kisha niyajue vizuri kiasi hicho yakiwa pamoja? Nilirudi kwenye safu ya vigezo nikakuta makundi yote 10 yametumia kigezo kimoja, kilichonakiliwa kutoka jedwali lilelile. Kikiwa kimezidi, kimezidi kote kwa mpigo, wala hakuna kundi litakalofidia kosa la jingine, ilhali kanuni niliyoitumia huchukulia kwamba kila kosa linajitegemea.

Ndipo nikahamia njia ya Monte Carlo. Niliandika programu ndogo iliyorudia hesabu mara 10,000, ikichota kwa kubahatisha katika kila mzunguko thamani moja ya kigezo kwa makundi yote, huku takwimu za shughuli zikichotwa kwa kila kundi peke yake. Mashaka ya jumla yakapanda hadi asilimia 50. Kwa vyanzo vichache vyenye mashaka ya asilimia 200 niliacha mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, uliokuwa ukinipa utoaji ulio chini ya sifuri, nikatumia mgawanyo wa kawaida wa logarithi, ambao haushuki chini ya sifuri na una mkia mrefu upande wa juu.

Baadhi ya wenzangu walitamani ile 16 ibaki. Niliandika 50, nikaeleza kwamba chanzo chake ni kigezo kimoja, na nikaomba vipimo vya mwaka unaofuata vifanyike kwenye mabomba ya moshi ya makundi hayo, kuanzia na lile linalochoma kuni nyingi zaidi.