Salfa ya baba

Mwezi wa sita ukiingia, baba huamkia shambani Kitangari, Newala. Huvuta tawi moja moja la mkorosho na kutazama machipukizi. Akiona vumbi jeupe, siku hiyo hatii neno. Huo ni ubwiriunga. Ukishika maua, hakuna bibo, tunda lake, wala korosho. Kinga yake ni salfa, dawa ya unga inayopulizwa mtini.

Hapa Mtwara mjini wageni wa makongamano ya uwekezaji huulizia kina cha bandari. Waulize, bandari tunayo na ni nzuri. Ila mimi nimekaa misimu minne kwenye mizani ya chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, na naona ushindani wa kiuchumi wa mkoa huu unaanza na jambo dogo zaidi: fedha inayokatwa kwenye korosho inarudi kwenye mkorosho, au hairudi?

Kuna wakati ilirudi. Korosho ghafi inayokwenda nje hutozwa ushuru, na asilimia 65 ya ushuru huo ilitengwa kuendeleza zao: pembejeo, miche, utafiti wa kituo cha Naliendele. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, na mnadani bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga. Ukipita Tandahimba utaziona nyumba za msimu ule, bati bado zinang'aa.

Katikati ya 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga bungeni, lakini ikapita. Msimu uliofuata mavuno yakashuka hadi takribani tani 225,000. Siwezi kusema ni sheria ile peke yake, hali ya hewa nayo ina yake. Nasema nilichokiona kwetu. Mwaka 2019 baba hakuwa na fedha ya salfa, akaenda kwa mtu wa kangomba. Kwa asiye wa huku: kangomba ni kuuza korosho kwa mlango wa nyuma, nje ya chama, mara nyingine hata kabla haijavunwa, kwa bei ya kutupwa, kwa sababu una shida leo. Alipata mifuko mitatu ya salfa. Oktoba tukaokota, tukajaza magunia, na mengi yakaondoka usiku bila kufika kwenye mizani yangu. Nilijua yanakokwenda. Sikuweza kumwambia baba kitu.

Gunia la kangomba halipiti mnadani, halmashauri haipati ushuru wake, chama hakipati makato yake. Kwa hiyo aliyeokoa fedha ya salfa kule juu serikalini aliipoteza huku chini, na mkulima ndiye aliyelipa tofauti.

Miaka hii ruzuku imerudi, na msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000. Nafurahi sana. Bado nataka fungu la mkorosho lilindwe na sheria, lisingoje huruma ya bajeti ya kila mwaka, kwa sababu ubwiriunga hausubiri Bunge limalize kikao.

Juzi baba kapiga simu: "Mwanangu, mifuko imefika. Jumamosi njoo unisaidie kupuliza."

Naenda.