"Mimi sisikii kitu, dada"

Leo siku ya nane na bado namjibu yule fundi wa baiskeli kichwani. Naosha vyombo namjibu, niko kwenye kikao namjibu, juzi usiku nimemjibu vizuri mpaka baba watoto akageuka akaniuliza unaongea na nani.

Baiskeli mnaijua, ile ya kijani, sina haja ya kuanza upya. Sasa kama wiki tatu hivi imeanza kulia krwik. Pedali ya kulia ikifika chini, krwik, ikizunguka ikirudi chini, krwik. Sio kelele kubwa ya kusema watu wageuke, ni kama kuna mtu amekaa nyuma yako anatafuna kitu kikavu. Kwenye mlima inazidi, nikiacha kukanyaga ikajiendea yenyewe, kimya kabisa. Yaani inaenda na mzunguko wa pedali, sio wa gurudumu, na ndiyo, nimehesabu, chekeni tu.

Basi nikajipa ufundi. Nikafungua pedali zote mbili, na hapo ya kushoto nyuzi zake ni za kinyume, unaifungua kwa upande ambao vitu vingine vyote vinafungwa, mimi nimeng'ang'ana na spana namba 15 karibu nusu saa kumbe naikaza. Nikafuta nyuzi, nikapaka grisi, nikarudisha. Krwik. Nikakaza boliti za gia ya mbele. Krwik. Nikasema hii itakuwa cheni, kuna pingili imekakamaa, nikachukua rangi ya kucha ya binti yangu (bado hajui, naomba asiambiwe) nikapaka pingili moja nione inarudi baada ya muda gani. Cheni yangu ina pingili 112 na gia ya mbele ina meno 44, kwa hiyo pedali inazunguka kama mara mbili na nusu ndiyo cheni imalize mzunguko wake mmoja. Pingili moja mbovu ingelia kwa kurukaruka, hii yangu haikosi hata mzunguko mmoja. Cheni nikaiachia huru. Ikabaki ekseli ya pedali, kule ndani kwenye gololi, na huko mimi siingii, ndiyo maana nikaenda kwa fundi.

Nikamwambia fundi inalia.

"Inalia wapi?"

"Huku chini, kwenye pedali."

Akaichukua, akapanda, akazunguka raundi tatu pale mbele, akashuka. "Mimi sisikii kitu, dada."

"Inalia fundi, kila nikikanyaga."

"Mbona kwangu hailii?" Halafu akachukua tambara, akafuta vidole kimoja kimoja, wala haniangalii, akasema, "Au inalia mkiwa wawili tu?"

Kuna kijana alikuwa anasubiri na gurudumu lake mkononi, akaangua kicheko. Na mimi nikacheka! Hapo ndipo panaponiuma kuliko kote. Nilicheka, nikasema haya asante fundi, nikaondoka na baiskeli yangu inalia krwik krwik mpaka nyumbani.

Wiki nzima nimeshinda na hiyo sentensi. Ofisini wametoa majina ya wanaohamishwa (mimi simo, asanteni mlioniuliza), wifi kajifungua salama, mdogo wangu kaacha kazi tena, mimi niko pale pale na tambara la fundi. Nimetunga majibu ya kila aina. Kuna la upole, "fundi naomba upande tena taratibu." Kuna la ukali ambalo siliandiki hapa. Kila nikitaka kulisema inabidi niirudie picha yote tangu mwanzo, anavyoichukua, anavyopanda, anavyozunguka, ili nifike pale ninapojibu.

Sasa Jumatano nimelala naipitisha tena, kafika anapozunguka, nikasimama hapo hapo. Siti yangu iko chini, yeye ni mrefu kama mnazi. Alizunguka amesimama. Raundi zote tatu amesimama juu ya pedali, hajaigusa siti hata kidogo.

Nikatoka na kanga yangu saa tano usiku. Nikapanda, nikasimama kwenye pedali, kimya. Nikakaa, krwik. Nikasimama, kimya. Nikakaa, krwik! Nikacheka peke yangu gizani kama mwehu.

Kumbe ni bomba la siti. Ukikanyaga kulia uzito nao unahama, bomba linajisokota kidogo ndani ya fremu, likiwa kavu linalia, na kwa vile linafuata miguu yako unaapa ni pedali. Nikalizungushia kipande cha gundi ya karatasi nisipoteze kimo changu, nikalegeza bana, nikalichomoa. Limejaa vumbi la kutu na mchanga laini. Nikafuta, nikafuta na ndani ya fremu, nikapaka grisi kidogo, nikarudisha, nikakaza. Kazi ya dakika kumi, baada ya wiki tatu za kulaumu pedali zisizo na kosa.

Asubuhi nimeendesha mpaka kazini kimya, nasikia tairi tu. Nikapanga jioni nipite kwa fundi. Nimeshaingia ile njia ndiyo nikajiuliza, nikifika nasema nini? Yeye alisema hasikii kitu na kweli alikuwa hasikii, hakunidanganya, ila hakukaa. Nikakata kona nikarudi zangu nyumbani. Lile la kwanza nimemwachia. Lile la mkiwa wawili tu bado, labda wiki ijayo.

Halafu mama. Jumapili kwenye simu kaniita kwa jina la shangazi, nikamwambia mama ni mimi, akasema ndiyo najua, akaendelea, akaniita tena hivyo hivyo. Mdogo wangu anasema ni uchovu tu. Kesho nitampigia asubuhi mapema, asubuhi huwa anaongea vizuri.