Mtoto mliyehama naye anasikia kila kitu

Wazazi mliohamia Kigoma majuzi, naomba mnisikilize. Nyumba nyingi za kupanga Mwanga na Gungu hazina dari. Ukuta unaishia chini ya bati, kwa hiyo ugomvi wa saa nne usiku kuhusu kodi ya miezi sita unavuka hadi kitandani kwa mtoto. Anashika vipande tu: "ungebaki huko", "mwanao". Vilivyobaki anajazia mwenyewe, na mtoto wa miaka saba hujazia kwamba kosa ni lake.

Hatasema. Ataanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, tumbo litamuuma kila Jumatatu asubuhi, au atanyamaza ghafla mkikaa pamoja mezani. Msimchape. Fimbo inamthibitishia alichokuwa anahofia.

Mabishano ya fedha yapelekeni nje ya nyumba, hata kama ni kutembea hadi ufukweni na kurudi. Akisikia, mwambieni asubuhi, wote wawili mkiwepo: "Tuligombana kuhusu kodi. Si wewe." Sentensi fupi, bila kumtaka achague upande. Na jamani, "kamwambie baba yako" iacheni kabisa, mtoto si tarishi.

Blanketi lake la zamani lisitupwe. Wiki ya kwanza msindikizeni shuleni kwa njia ileile, na mfundisheni kujibu wenzake wanapomsalimu kwa Kiha.

Hali ikizidi wiki kadhaa, muoneni afisa ustawi wa jamii. Simu ya mtoto ni 116, bure.