Picha ya printa ya wino hudumu muda gani?

Boksi la karatasi ya picha linapoahidi miaka mia moja, idadi hiyo imekokotolewa: picha huwekwa maabara chini ya taa kali kwa muda, rangi iliyopotea hupimwa, kisha matokeo hulinganishwa na mwanga wa nyumba ya kawaida. Sasa, nyumba ya kawaida ni ipi? Wilhelm Imaging Research, maabara ya Marekani inayopima uimara wa picha, huihesabia mwanga wa laksi 450 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga) kwa saa 12 kila siku, picha ikiwa nyuma ya kioo. Kodak iliwahi kukadiria kwa laksi 120, na kwa hesabu hiyo picha ileile hupata karibu mara nne ya miaka. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza masharti, ndipo nitazame miaka.

Isitoshe, mwanga si adui pekee. Mwaka 2000 baadhi ya wanunuzi wa printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 walilalamika kwamba picha zao, zilizotarajiwa kudumu kwa miaka, zilikuwa zikigeuka rangi ya machungwa katika majuma machache tu. Mharibifu alikuwa gesi ya ozoni iliyomo hewani, ambayo iliivunja rangi ya sayani, yaani ile bluu ya samawati, ikaacha njano na majenta, yaani waridi iliyokolea. Karatasi yenyewe ilichangia: karatasi zinazokauka papo hapo zina vitundu vidogo mno vinavyofyonza wino upesi, na vitundu hivyohivyo huruhusu hewa kuifikia rangi. Kioo cha fremu, ambacho wengi hukiona kama urembo, huzuia hewa hiyo kwa kiasi kikubwa.

Aina ya wino nayo ina uzito wake. Katika wino wa dai (kwa Kiingereza "dye"), rangi imeyeyuka kama sukari kwenye chai, hivyo kila molekuli iko wazi kushambuliwa. Wino wa pigimenti una chembe ngumu. Molekuli za nje zikiharibika, za ndani husalia, na ndiyo maana picha zake kwa kawaida hudumu zaidi.

Picha iliyopauka ukutani, itoe kwenye fremu uangalie ukingo uliofunikwa na mbao. Ukingo ukiwa bado umekolea huku katikati pamechuja, mshukiwa mkuu ni mwanga, na dawa ni kuihamisha mbali na dirisha. Picha isiyo na kioo iliyobandikwa ofisini karibu na mashine ya zamani ya fotokopi iko hatarini zaidi, kwa kuwa mashine hizo hutoa ozoni zenyewe.

Mwisho, miaka ya kwenye boksi hupimwa kwa wino fulani juu ya karatasi fulani. Studio inayojaza tangi la printa kwa wino wowote wa bei nafuu haiwezi kukuahidi miaka hiyo, hata ikikuonyesha boksi.