Siku Moja Maishani Mwangu: Kutwa Nzima na Nyigu wa Mkuyu

Saa 11:30 alfajiri. Nashusha kadi za gundi nilizotundika jana jioni kwenye mkuyu ulio mpakani mwa shamba la migomba, hapa Mto wa Mbu. Nyigu walionasa wana milimita 2 hivi. Bila tochi na lenzi utadhani ni vumbi.

Saa 2 asubuhi. Napasua kuyu kwa wembe. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote. Maua ya mkuyu yamo ndani ya kuyu, mamia kwa mamia, na njia ya kuingia ni tundu moja dogo lililozibwa kwa magamba. Nyigu jike, Ceratosolen arabicus, hujipenyeza humo hadi mabawa yanakatika. Hatoki tena. Hutoa chavua iliyo kwenye vifuko viwili vya kifuani, akaipaka kwenye maua na kutaga mayai katika baadhi yake. Maua mengine huzaa mbegu.

Kuyu la leo limekomaa. Madume yasiyo na mabawa yanatoboa vivimbe, yaani maua yaliyovimba baada ya kutagwa mayai, walimo majike na kuwapanda humo humo. Kisha huchimba njia ya kutokea, nayo hufa bila kuruka hata mara moja. Jike mmoja anakwangua chavua kwa miguu ya mbele, anaijaza vifukoni. Anajua anachofanya! Kila nikiona hili nasahau chai.

Saa 5. Mwenye shamba amefika.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kuna mtu anautaka ule mkuyu wa ng'ambo ya mfereji, apate mbao. Huu nitakuachia.”

Namweleza kwamba makuyu ya mti mmoja mara nyingi hukomaa pamoja. Nyigu wakitoka hawakuti kuyu changa hapo. Lazima wapate mti mwingine upesi, maana maisha yao ni siku moja au mbili. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha chavua ya mkuyu ikisafirishwa na nyigu hawa kilomita 160 kando ya Mto Ugab, Namibia, kwa msaada wa upepo. Sawa, lakini mimi nisingeiachia bahati hiyo hatima ya mti wa kijiji.

“Wasipofika?”

“Makuyu mengi yatadondoka machanga, babu.” Misri, ambako nyigu huyu hayupo, wakulima tangu kale huyachanja kwa kisu ili yaive, na hayatoi mbegu.

Saa 8 mchana. Hadubini. Kuna nyigu wa jamaa hiyo hiyo, Ceratosolen galili, anayeingia na kutaga bila kuchavusha. Nawatenga wawili hawa mmoja mmoja. Kazi ya kuumiza shingo.

Saa 12 jioni. Natundika kadi mpya, safari hii kwenye ule mkuyu wa ng'ambo. Makuyu yake bado machanga. Babu hajaniahidi kitu. Atamjibu mnunuzi keshokutwa. Nimemwachia lenzi na wembe, apasue kuyu mwenyewe kabla ya hapo.