Namna Paladin wangu alivyokataa kufa

Huku Katuba, Lubumbashi, kila aliyewahi kushika kipanya ni fundi wa Diablo II, mchezo wa kompyuta wa kuua mazimwi. Fungua mashini mbele ya vijana watatu, utapewa ushauri wa aina nne, na wote unaishia mahali pamoja: jaza pointi kwenye nguvu, tafuta silaha kubwa, piga. Nimewasikiliza miaka mingi. Leo nina Paladin, mpiganaji wa silaha na ngao, aliyemuua Baal, adui wa mwisho, ndani ya Hell, daraja gumu linalofuata Normal na Nightmare, akiwa na askari mmoja tu wa kukodi, bila intaneti na bila kuomba kitu kwa mtu. Kati ya mafundi wote hao wa Lubumbashi ninaowajua, sijaona hata mmoja aliyefika huko na mtu wa kupigana uso kwa uso. Wanafika na Sorceress, mchawi anayerusha mipira ya barafu kutoka mbali, halafu wanakuja kunifundisha upanga.

Mchezo wenyewe ni wa zamani: ulitoka 2000, na nyongeza yake, Lord of Destruction, ikafuata 2001. Mimi nacheza toleo 1.12, lile la 2008 lililoacha kudai CD, na hiyo ilikuwa bahati, maana CD za mjomba zilikwaruzika kama sufuria ya bukari. Gharama yangu ilikuwa kipanya cha mtumba na flashi ya kuhifadhia mhusika, faranga elfu chache tu. Toleo ulizingatie, kwa sababu katika 1.12 pointi ukishaziweka huzitoi tena. Akara, kuhani wa kambi ya kwanza, kukurudishia pointi kulikuja na 1.13, mwaka 2010. Kwa hiyo fundi akikudanganya, unafuta mhusika na kuanza upya. Paladin wangu wa kwanza, yule wa “nguvu njo kila kitu, petit”, alifutwa hivyo.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo ubishi wote ulipo. Kila ngazi unapata pointi 5 za kugawa kati ya Strength (nguvu), Dexterity (wepesi), Vitality (uhai) na Energy (mana, yaani nishati ya kutumia ujuzi). Strength niliweka ya kuvalia vazi na kushikia ngao, basi. Energy sikugusa, Zeal, ujuzi wangu wa mapigo ya mfululizo, inakula mana 2 tu, na pete yenye kunyonya mana inamaliza habari. Zilizobaki zinagawanywa kati ya Dexterity na Vitality, na mgawanyo hauji kwa kubahatisha. Ngao inazuia pigo kwa asilimia isiyozidi 75, na asilimia hiyo inapatikana hivi: chukua uwezo wa ngao pamoja na Holy Shield (ujuzi wa kuimarisha ngao), zidisha kwa Dexterity ukishatoa 15, kisha gawanya kwa ngazi yako mara mbili. Unaona mtego? Kadiri unavyopanda ngazi ndivyo ngao yako inavyozembea, isipokuwa Dexterity ipande nayo. Mimi nilipandisha Holy Shield mpaka uwezo wa ngao ukafika 75, na hapo hesabu inakuwa tamu: Dexterity inayotakiwa ni ngazi mara mbili, ongeza 15. Ngazi ya 60, Dexterity 135. Ngazi ya 80, 175. Yaani pointi 2 kwa kila ngazi. Tatu zinazobaki zinakwenda Vitality, na kwa Paladin kila pointi ya Vitality ni uhai 3. Zinakuwa 9, ongeza 2 ambazo ngazi yenyewe inakupa, unapata uhai 11 kila unapopanda, huku mapigo matatu kati ya manne yanaishia kwenye ngao.

Yaya mmoja (kaka mkubwa) wa mtaa wetu, aliyejifunza mchezo huu enzi zake za uanafunzi kule Kasapa, alipoona Dexterity yangu alicheka hadi akakaa chini. “Petit, ngao njo ya waoga. Weka nguvu, maadui wakufe mbele hawajakupiga.” Sawa, yaya. Lakini ndani ya Hell hawafi mbele. Na maiti haipigi mtu.

Jambo moja ambalo mafundi hawakuambii: ukikimbia, ulinzi wako wa mavazi unahesabiwa sifuri na ngao inabaki na theluthi ya uwezo wake. Mimi natembea. Wanaonitazama wanalia kwamba nachelewa.

Ujuzi ni mchache. Zeal inafunguka ngazi ya 12, na kwa pointi 4 za ujuzi tayari inatoa mapigo 5 mfululizo. Za juu yake zinaongeza madhara, si idadi ya mapigo. Fanaticism ndiyo nguzo, inaongeza kasi, madhara na kulenga kwa pamoja, lakini inasubiri ngazi ya 30, kwa hiyo kabla yake nilijisukuma na Holy Fire, moto unaowachoma walio karibu. Pointi zangu nyingi ziliingia Fanaticism na Zeal, kisha Holy Shield mpaka pale nilipotaka, kisha Sacrifice, ujuzi mwingine wa kupiga, kwa sababu inaikuza Zeal. Moja nikaitupa Redemption, na hiyo moja imenilipa kuliko zote. Vita vikiisha nabonyeza kitufe, maiti zilizolala pale zinageuka uhai na mana, naondoka nimeshiba bila kunywa chupa hata moja. Njiani kwenda Redemption unalazimika kupitia Cleansing. Usiidharau, nitaitaja tena chini.

Silaha. Hapa ndipo nilipopoteza Nightmare nusu nzima kwa kumsikiliza yaya yuleyule. Alikuja na habari ya maneno ya runi, yaani vijiwe vya uchawi vinavyopangwa kwenye matundu ya silaha: weka Thul, Io, Nef kwenye nyundo au rungu lenye matundu matatu, unapata Black. Asilimia 40 ya Crushing Blow! Kwa asiyejua, Crushing Blow ikitokea inakata robo ya uhai alionao zimwi wa kawaida kwa wakati ule, na moja ya nane kwa wakubwa. Asilimia 40 ni wazimu. Nikatafuta runi, nikatafuta nyundo, nikazichomeka. Pigo la kwanza ndani ya msitu wa Kurast, kale kazimwi kafupi ka kisu kakaruka nyuma. Pigo la pili likapiga hewa. La tatu hewa. Black ina Nef ndani yake, na Nef inasukuma adui nyuma unapompiga! Sasa fikiria Zeal: mapigo matano yasiyokatizwa, umesimama huwezi kutoka mpaka yaishe, na uliyekuwa unampiga yuko mita tatu mbali anajikung’uta vumbi. Anarudi, unamsukuma tena. Nilikuwa kama mama anayefukuza kuku kwenye unga. Askari wangu wa kukodi naye akawa anakimbilia kila aliyerushwa, anatoweka gizani, anakufa huko peke yake, narudi mjini kulipa afufuliwe. Dhahabu yote ikaisha hivyo. Nikampelekea yaya malalamiko. Akaniambia napiga vibaya.

Nyundo niliitupa, si kuiuza, niliitupa chini makusudi. Crushing Blow nikaipata kwa viatu vya Goblin Toe, asilimia 25, havisukumi mtu, na vinaanguka mapema tu ukiwa na subira. Mkononi nikaweka Honor: Amn, El, Ith, Tir, Sol, kwa mpangilio huo, ndani ya flail yenye matundu matano. Ina asilimia 7 ya kunyonya uhai, inaongeza ujuzi wote kwa 1, inaongeza kulenga 250. Sol yangu ilitoka Hellforge (kazi inayolipa runi) ya Nightmare. Ile ya Normal inaishia Amn. Na flail ni jamii ya rungu, kwa hiyo inawaumiza wafu kwa asilimia 50 zaidi. Kunyonya uhai nako usikuamini sana. Katika Nightmare kunafanya nusu ya kazi, katika Hell theluthi, na mifupa inayotembea haina damu hata tone.

Kuhusu kinga za moto, baridi, radi na sumu, mafundi wengi wanaanza kuzifikiria wakiwa tayari chini. Nightmare inakunyang’anya 40 kwa kila moja, Hell 100. Ukiingia Hell huna kitu, uko chini ya sifuri kwa 100, na mshale mmoja wenye radi unakulaza. Kikomo ni 75. Hesabu mwenyewe pengo. Kwanza usiache kumwokoa Anya wa mji wa Harrogath, kila mara anakupa 10 za kudumu, kwa hiyo Normal mpaka Hell ni 30. Pili, ukiwaokoa wale askari wa Harrogath katika Normal, unapewa runi tatu bure: Tal, Ral na Ort. Hizo ndizo Ancients’ Pledge, ngao ya maskini, inayoongeza kinga zote. Ila zinaingia Ral, Ort, Tal, si kama ulivyopewa, na ngao iwe ya kawaida isiyo na rangi, matundu matatu kamili. Mdogo wangu alizichomeka kwa mpangilio aliozikuta kwenye begi, akapata ngao yenye vito vitatu na hasira. Nilimwonya. Ukiweza, tafuta zile ngao za Paladin peke yake, targe na ndugu zake, kwa sababu huzaliwa na kinga zote ndani yake, wakati mwingine mpaka 45.

Askari wa kukodi achukuliwe mji wa Lut Gholein, na achukuliwe Nightmare, yule wa Defensive. Anakuja na Holy Freeze. Kila anayekukaribia anapunguzwa mwendo, na adui mwenye mikono mizito ni nusu ya adui. Wanaotaka yule wa Might kwa ajili ya madhara ni walewale wa “nguvu njo kila kitu”. Halafu simama mlangoni. Shikilia Shift ili miguu isihame, piga. Wawili watakufikia, kumi watasukumana nyuma. Watu wanakimbilia katikati ya ukumbi kana kwamba wanapigiwa makofi na jukwaa zima la uwanja wa mpira wa Kamalondo.

Tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa Chaos Sanctuary, ukumbi wa Diablo mwenyewe. Katika toleo langu Oblivion Knights bado wanatupa Iron Maiden, laana inayokurudishia madhara ya pigo lako yakiwa yamezidishwa. Kwa mtu wa Zeal mwenye Fanaticism hiyo ni hukumu. Laana inatua ukiwa kwenye pigo la pili, la tatu unajiua, la nne na la tano linapiga ukiwa umelala. Uhai, ngao, kinga, hakuna kinachosaidia, kwa sababu anayekuua ni wewe. Na usipokuwa na subira, unarudi kuchukua mwili wako huku walewale wamesimama juu yake. Mafundi waliponiambia “ingia tu, hakuna shida”, walikuwa wakizungumzia 1.13, ambako laana hiyo iliondolewa kwa hao Oblivion Knights. Wao hawajui hata wanacheza toleo gani.

Dawa yake nimeipata mwenyewe na naijivunia, hata kama mtu wa Brazil au Poland aliipata kabla yangu. Iron Maiden inarudisha pigo la mkono, hairudishi kitu kilichorushwa. Na kitufe cha W kinabadilisha silaha. Kwa hiyo seti ya pili nikaipa mikuki ya kurusha, ya kawaida kabisa, ya kununua dukani. Fanaticism inakuza kurusha kama inavyokuza kupiga! Naingia taratibu, nasogea mpaka wanaonekana ukingoni mwa skrini, W, mkuki, mkuki, mkuki. Wananilaani mpaka wachoke na mimi naendelea kurusha. Wakija wanyama wa mbele, narudi nyuma, Cleansing inafupisha laana, ikiisha W tena na Zeal. Mikuki ikipungua nakwenda mjini kuijaza. Inachukua muda, ndiyo. Mara ya kwanza kumaliza ukumbi ule bila kufa, umeme ulikuwa umekatika, betri inakaribia kuisha, na nikafanya Save and Exit huku mkono unatetemeka.

Waliobaki wanajulikana. Duriel, mmoja wa maadui wakubwa, ana chumba kidogo, na kwa mashini nzee kama yangu anaanza kukupiga kabla picha haijamaliza kufunguka. Washa Holy Shield nje ya mlango, siyo ndani. Vile vidoli vya wafu vinalipuka vikifa, hivyo uhai uwe umejaa kabla ya kukipiga cha mwisho, na usipige vingi kwa pamoja. Mizuka ya Hell isiyosikia chuma inapigwa na Vengeance, pointi moja tu, inaongeza moto, radi na baridi kwenye pigo. Polepole, lakini inakufa. Kukiwa na mmoja tu na haulizwi na mtu, mpite.

Baal alichukua muda mrefu, sitaficha. Goblin Toe ilimshusha, ngao ikakaa, askari akafa na kufufuliwa, nikanywa chupa kadhaa za zambarau, zile za kujaza uhai na mana. Yaya aliposikia akaja kuomba flashi “aone kitu”. Nilimpa nakala, si ile yenyewe. Kesho yake mdogo wangu akaniambia yaya ameshaanza Paladin mpya, na bado anaweka nguvu.

Wenye toleo jipya, mnaoruhusiwa kurudishiwa pointi na Akara, ile habari ya mikuki irukeni. Hesabu ya ngao msiiruke.